Kabla hujauza mikorosho

Jumapili hii nazungumza na baba mmoja wa Lionja, Wilaya ya Nachingwea, na wewe pia kama una wazo kama lake.

Ana mke, watoto wanne na shamba la mikorosho aliloachiwa na wazazi. Mdogo wake aliyeko Dar es Salaam anamshauri auze shamba ahamishie familia mjini. Kiwanja kimepatikana, bei nafuu, ila mwenyewe anataka fedha kabla ya mwisho wa mwezi. Baba huyu anaomba tumwombee njia ifunguke. Kuomba tutaomba. Lakini yapo maswali ambayo Mungu ametupa akili tuyaulize wenyewe.

Soma Mwanzo 13. Lutu alipopewa nafasi ya kuchagua, alichagua kwa macho. Bonde la Yordani lilikuwa na maji, mifugo yake ingenenepa. Hatuambiwi kama aliuliza habari za majirani, na majirani wenyewe walikuwa watu wa Sodoma.

Mabonde ya namna hiyo bado yapo. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, watu wakafa, na wakazi wa Jangwani na mabonde mengine wakapoteza mali zao. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Baadhi yao wakarudi bondeni. Wengi tuliwaita wakaidi, lakini piga hesabu: mtu riziki yake iko Kariakoo, nauli ya kwenda na kurudi kila siku inamaliza faida yote. Bonde linaua kwa maji, na kiwanja cha mbali kinaua kwa nauli. Kwa hiyo, ndugu yangu, kiwanja cha bei nafuu ulizia kwanza kwa nini ni nafuu, na ukakitazame mwezi wa nne mvua ikinyesha, si mwezi wa nane.

Swali la pili watu wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta hapa mradi mkubwa wa karanga. Misitu ikafyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, watu wakahamia kufuata ajira. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Leo Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni, na treni hakuna.

Sasa wilaya jirani ya Ruangwa kuna madini ya kinywe, na vijana wa Lionja wanaelekezana huko. Sikatazi. Mgodi unaleta wapangaji, mama lishe, mafundi, bodaboda. Ila anayehamisha watoto ajiulize watakula nini siku bei ya kinywe itakaposhuka duniani. Kijana asiye na mke anaweza kufuata mgodi na kuondoka nao, mwenye watoto wanne hawezi.

Yusufu alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumlinda, na bado alisitasita njiani. Mathayo 2 inasema alipotoka Misri alisikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa baba yake Herode, akaogopa kwenda huko. Mungu hakumkemea kwa hofu hiyo. Alimwonya ndotoni, na familia ikaishia Nazareti, mahali ambapo baadaye Nathanaeli alipadharau waziwazi. Yusufu hakutafuta mji wa kujivunia. Alitafuta mahali ambapo mtoto angekua.

Kwa hiyo usiulize tu kanisa liko wapi. Lionja umeishi na Waislamu, mmezikana na kulishana. Huko mjini nako tafuta mtaa ambao mwanao akichelewa kurudi shuleni, jirani ataona na kuuliza, awe anasali wapi.

Na je, mama watoto amesemaje? Katika maelezo yote ya baba huyu sikusikia neno la mkewe hata moja.

Elimeleki alihamishia familia yake Moabu kwa sababu ya njaa. Alifia huko, na wanawe wawili pia. Naomi aliporudi Bethlehemu mikono ilikuwa mitupu, lakini shamba la mumewe lilikuwa bado na jina lake, na pale langoni Boazi alianza mazungumzo kwa kulitaja shamba hilo.

Basi, baba wa Lionja, nendeni wawili mkapaone. Mkipapenda, pangeni kwanza mwaka mmoja. Mikorosho mwachie ndugu aipalilie na kuipulizia, mgawane baada ya mnada. Na yule mwenye kiwanja anayetaka fedha kabla ya mwisho wa mwezi, mwache atafute mteja mwingine.