GOROGORO ILIYOGONGWA KITAKO

Ndugu wafanya kazi wa Migori na Homa Bay,

Wako wanachama wanaosema kwamba habari za jikoni si kazi ya chama. Chama ni kudai mshahara, basi. Sisi twasema hapana. Nyongeza tunayoipata kwa tajiri yaishia dukani, tena kimya kimya.

Tazameni hesabu. Gunia la mahindi ni kilo 90. Gorogoro huhesabiwa kilo 2, basi gunia ni gorogoro 45. Lakini bati likigongwa kitako mpaka lipungue gramu 100 tu, gunia lilo hilo latoa gorogoro 47. Hizo mbili ni hewa, na aliyeilipia hewa ni wewe. Sheria ya vipimo yataka mizani yenye mhuri wa serikali. Ombeni kupimiwa kwa mizani. Mwenye duka akikataa, piteni, nendeni kwa mwingine.

Halafu kuna robo. Mtu wa Awendo akata miwa mchana kutwa, jioni anunua sukari robo na mafuta ya kupima. Kila kipimo kidogo kina faida ya mwenye duka ndani yake, na daftari la deni laongeza nyingine. Wakubwa hutuambia tujifunze kuweka akiba. Akiba gani? Kibarua hanunui robo kwa kupenda. Analipwa kwa siku. (Wao hununua kwa katoni.)

Kwa hiyo nyumba nne zichange gunia moja, kila nyumba ipate kilo 22 na nusu. Anayelipwa kwa siku atoe kidogo kidogo mpaka fungu lake litimie. Omena vilevile: kwa kawaida uvuvi wake hufungwa tangu Aprili mpaka Julai, na bei hupanda. Nunueni mwezi wa Machi, iliyokauka vizuri. Yenye mchanga iacheni, maana mchanga nao hupimwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1844 wafumaji na wenzao wa Rochdale, Uingereza, watu 28, walichanga pauni moja moja wakafungua duka lao, wakauza unga, siagi na sukari kwa kipimo cha haki. Hawakuwa matajiri.

Mkutano ujao wa tawi, kila mmoja aje na majina ya majirani watatu atakaochanga nao. Na mweka hazina asiwe mwenye duka.