Simu inaonyesha njia, motari anaijua

Mama wapenzi, juma hili tunasemea jambo linaloonekana ni la wanaume wa pikipiki, kumbe ni letu pia: simu inayoonyesha njia. Uchungu ukianza usiku, mbali na barabara kubwa ya Butembo–Beni, ni sisi tunaopanda nyuma.

Simu inajua pahali ilipo kwa kusikiliza satelaiti za GPS, zinazozunguka juu kwa kilometa 20.000 hivi. Inatakiwa kusikia 4 angalau. Kazi hiyo haili mega. Kinachokula mega ni ramani. Basi tuipakue mapema, pale rezo iko nzuri. Na kwenye bonde lililofungwa na milima, alama inaweza kurukaruka.

Ramani yenyewe huchorwa na watu. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, wachoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap waliandika nyumba na njia za Kivu ya Kaskazini wakitazama picha zilizopigwa toka juu. Tunawashukuru. Lakini toka juu unaona bati, huoni jina la kilima.

Simu inahesabu dakika kufuatana na urefu na aina ya barabara. Haijui kwamba mvua ya jana imebeba daraja la miti, wala kwamba watu wamehama kijiji fulani kwa ajili ya usalama. Motari anajua, kwa kuwa asubuhi amezungumza na wenzake kwenye parkingi. Hapo neno lake lipite lile la simu. Lakini ndani ya Butembo, kwenye mtaa asioujua, simu inamshinda, hasa kama anaona haya kuuliza (wanaume wetu!).

Kioo asishike motari. Macho yanatoka barabarani, na mwanga wake unamfanya asione vizuri gizani. Msindikizaji ndiye aishike, na aseme "kushoto" kabla ya njia panda, si wakati wamekwisha kuifikia.

Vikundi vyetu vichague mama mmoja mwenye simu nzuri na motari tunayemwamini, wapite mchana toka kila kijiji hadi kituo cha afya, watie alama kwenye madaraja na miteremko yenye utelezi. Halafu waandike njia hiyo kwenye karatasi pia, ikae pamoja na fishi ya CPN, kwa ajili ya siku ambayo betri imekwisha.