Mnaniagiza kisu au jambia?

Kila nikikaribia likizo maagizo ni yale yale: "Dada, tuletee kisu cha kukunja, kikubwa, cheusi, kinachojifunga ukikikunjua." Jamani, mnakwenda vitani au mnamenya machungwa?

Kwanza, wadogo zangu mnaosubiri viza ya kuja huku England. Sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, kisichojifunga. Hicho mnachokililia, ukikutwa nacho mtaani bila sababu ya msingi, kifungo kinaweza kufika miaka 4. Hata Opinel namba 8 ya Wafaransa, kisu kizuri mno kwa mkate, ina pete ya kufungia na ubapa wa sentimita 8.5. Hiyo ibaki jikoni.

Pili, inchi 3 zinatosha. Embe, kitunguu, kamba ya furushi, vyote vitakatika. Ubapa uwe mwembamba. Mnene unapasua kitunguu badala ya kukikata. Na uwe wa chuma kisichoshika kutu, maana ndimu na hewa ya chumvi ya pwani hazina huruma.

Tatu, hapa nasema kama nesi: nyama mbichi msikate nacho! Damu inaingia kwenye bawaba, kitambaa hakifiki, vijidudu vinapata makao. Nyama ina kisu chake cha jikoni.

Mimi naleta vidogo. Anayetaka jambia akaagize kwingine. Naomba kutoa hoja.