Kopo Lipimwe, na Maji Yapimwe

Mtoto anayelelewa kwa maziwa ya kopo hula chakula kimoja tu, usiku na mchana, kwa miezi mingi. Chakula hicho kikiingiwa na madini ya risasi, hana kingine cha kumpunguzia sumu. Tena mwili wake mchanga huifyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, na ubongo ndio unaodhurika. Risasi haionekani, wala haiondoki kwa kuchemsha. Maabara pekee ndiyo huigundua.

Ndiyo maana mwaka 2014 Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ilishusha kikomo cha risasi hadi miligramu 0.01 kwa kilo ya maziwa yaliyo tayari kunywewa. Machi 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kuongeza upimaji wa metali nzito katika maziwa hayo. Kwetu, tangu 2019, usalama wa chakula uko mikononi mwa TBS. Mzazi wa Kikwe anayo haki ya kuuliza kama shehena iliyoleta kopo lake ilipimwa risasi, na matokeo yalikuwaje. Kuonyeshwa nembo tu si kujibiwa.

Lakini, ndugu zetu, hapa chini ya Mlima Meru hata kopo safi halitoshi. Maziwa hayo hukorogwa kwa maji, na maji yetu mengi yana floridi itokayo katika miamba ya volkano. Floridi si metali, ila huharibu meno, na ikizidi kwa miaka huharibu mifupa. Meno ya kahawia tumeyazoea hata tunataniana nayo! Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu iliwahi kuvumilia 8 kwa maji ya vijijini. Mama achemshaye maji huua vijidudu, lakini floridi hubaki yote katika maji yaliyopungua. Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji hayo hayo. Basi mzigo humwangukia yatima, na mtoto ambaye mama yake ni mgonjwa na hawezi kunyonyesha. Hao hawakuchagua kopo.

Ujuzi hauko mbali: kituo cha Ngurdoto kimetafiti kwa miaka mingi namna ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Tunawaomba viongozi wa jumuiya waanzie kwenye nyumba zenye watoto wa kopo, waandike kila nyumba inachota maji wapi, kisha waiombe serikali ya kijiji vipimo vya kila chanzo vibandikwe ubaoni.