AMRI SI USHAHIDI

Ndugu mfanyakazi, ukibonyeza kitufe cha kufunga vali na taa yake ikazimika, je, vali imefungwa? Wengi watajibu: ndiyo. Sisi tunasema: bado hujui. Unajua tu kwamba amri imetoka.

Jambo hili unaweza kulifahamu vizuri nyumbani, kwenye meza ya kijana wako anayependa ufundi wa umeme. Vijana hao hutumia servomota, ile mota ndogo inayogeuza usukani wa gari la kuchezea. Ndani yake mna mota, magurudumu ya meno, sakiti ya kuongoza, na potensiometa inayozunguka pamoja na mhimili, kama kile kitufe cha kuongeza sauti ya redio. Waya zake ni tatu: mbili za umeme, kwa kawaida volti 4.8 hadi 6, na moja ya amri.

Tazama sasa. Servomota yenyewe inasoma potensiometa yake, kwa hiyo inajua iko wapi. Lakini haimwambii mtu. Waya ya amri inakwenda upande mmoja tu. Mkono ukikwama au jino likikatika, kompyuta ndogo inayotoa amri itaendelea kuamini kwamba mkono umefika.

Dawa yake ni waya ya nne. Kijana akate umeme, afungue kifuniko, alehemu waya kwenye mguu wa kati wa potensiometa, kisha aipeleke mahali kompyuta inapopima volti. Kabla ya kuiunga, apime volti hizo: zisizidi zile ambazo kompyuta inaruhusu. Apeleke mkono kwenye ncha moja, aandike namba inayoonekana. Apeleke kwenye ncha ya pili, aandike tena. Kwa namba hizo mbili atajua kila wakati mkono uko wapi kweli. Nawe mama, angalia jambo moja: atumie batri tu, asiguse umeme wa ukutani.

Wengine watasema: kwa kitu cha kuchezea, waya tatu zinatosha. Sisi hatukubali. Tabia ya kazi huanzia kwenye vitu vidogo, na ukosefu wake huonekana kwenye vitu vikubwa.

Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi ya alfajiri, mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island huko Marekani ulipata hitilafu. Vali moja ilifunguka kupunguza shinikizo, halafu ikapewa amri ya kufunga. Ikakwama wazi. Taa iliyokuwa mbele ya wafanyakazi haikuonyesha vali iko wapi. Ilionyesha amri tu. Taa ikazimika, nao wakaamini vali imefungwa. Maji yakatoka kwa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikosa waya ya nne.

Hata hivyo, waya ya nne nayo si mungu. Potensiometa inapima mhimili. Skrubu ya mkono ikilegea, mhimili utageuka na mkono utabaki palepale, na namba itakudanganya. Kipimo kiwekwe karibu na kitu chenyewe, na jicho la mtu lisistaafu.

Basi, ndugu, kabla ya kuingiza mkono kwenye mkanda au mashine ya kusaga mawe, usitosheke na taa. Kata umeme, funga kwa kufuli lako, kisha jaribu kuwasha uone kama kweli imekufa. Tena angalia kama kuna kitu kizito kinachoweza kuanguka au kuzunguka chenyewe. Kapita akikuambia «imezimwa», mjibu kwa heshima: «Ndiyo, shefu, twende tuone.»

Amri ni neno. Mahali ni ukweli. Mkono wako uufuate ukweli.