Kabla Hamjatoa Orodha Nyingine ya Maneno

Kwa Mwenyekiti,
Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, Nairobi.

Mheshimiwa,

Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali, na wagombea wameshaanza kushtakiana ukabila. Nisikilizeni kidogo, mimi mtu wa Pwani.

Aprili 2022 mlitoa orodha ya maneno zaidi ya 20 mliyoyahesabu kuwa ya chuki. "Mende" na "madoadoa" yalimo, sina ubishi. Lakini mliweka pia "hatupangwingwi", kibwagizo cha kampeni chenye ujeuri tele na kabila hata chembe.

Chukueni jina "watu wa bara", lisemwalo Mombasa kutwa. Mama anayengoja feri Likoni akimwambia shoga yake kwamba chumba cha pili wamehamia watu wa bara, wana adabu zao, hajamtukana mtu. Huenda Ramadhani akawapelekea futari. Ila Likoni hiyo hiyo, Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi kilivamiwa, na watu wa bara wakauawa na kufurushwa, huku vikaratasi vikiwataka warudi kwao. Jina ni lile lile. Kilichoua ni ile amri ya kuondoka, na waliojipanga kuitekeleza.

Januari 2022, kwenye mkutano wa kampeni Eldoret, Seneta Mithika Linturi aliwahimiza wenyeji waondoe madoadoa. Alikamatwa, akaomba radhi, akasema hakukusudia jamii yoyote. Pengine kweli. Lakini alisimama Bonde la Ufa, ambako miaka ya 1990 watu waliotakiwa wahame waliitwa kwa neno hilo. Na Kiambaa, kanisa lililochomwa na watu wakiwa ndani tarehe 1 Januari 2008, hapo si mbali. Nia yake anaijua mwenyewe. Waliomsikiliza walikuwa na kumbukumbu zao.

Sheria ya 2008 iliyowaunda, kifungu cha 13, yenyewe inataka mazingira yote yapimwe. Faini ya hadi shilingi milioni 1, au jela ya hadi miaka 3, haiwezi kutegemea neno kuwemo au kutokuwemo orodhani. Isitoshe mkabila mjanja hubuni neno jipya kila wiki, huku vijana wa kampeni wakikata sekunde kumi za hotuba ya mpinzani na kuzisambaza WhatsApp, hata kama alikuwa akimnukuu mtu ili amkemee.

Basi mkimwita mgombea, chapisheni hotuba yake nzima katika lugha aliyoitumia. Kama ni ya kikwao, ifasiriwe na wazawa wa lugha hiyo wasio na chama. Semeni alikuwa wapi, mbele ya nani, aliwataka wafanye nini, na kwa nini mmeona ni chuki. Mkimkuta hana hatia, tangazeni kwa sauti ile ile mliyomwitia.

Wenu,
Mpiga kura, Likoni