Tutenge ugonjwa, tusitenge mutu

Wandugu wa Lubunga, wa Kisangani yote, na ninyi wenye muko mbali lakini roho yenu ingali huku,

Jioni, mitumbwi ikiisha kusimama, Lubunga inabaki peke yake. Kati ya komine sita za Kisangani, ni sisi tu tuko ng'ambo hii ya kushoto ya mto. Tumeshazoea. Lakini mwaka 2025, wakati kolera ilirudi katika Tshopo, tuliona upweke wa namna ingine. Ule haukuletwa na mto. Tuliuleta sisi wenyewe.

Mama mumoja wa avenyu yetu, mjane, anauzisha makala mbele ya lupango. Usiku kuhara kulimushika. Walimupeleka, wakamutia serum, siku ine akarudi muzima. Kufika nyumbani, alikuta bidoni yake, ile alikuwa anaweka kwa jirani, imetupwa inje. Watoto walikatazwa kupita mbele ya mlango wake. Wiki mbili, hakuna mutu alinunua hata kopo moja ya makala. Alituambia: «Kolera ilinishika siku ine tu. Ile ya watu ingali inanishika mpaka leo.»

Hatuandiki haya kwa kuhukumu majirani. Sisi pia, wenye diplome, wenye kusoma, tulipita upande mwingine wa barabara. Na tulijua. Kolera inapita katika maji na chakula chenye kuchafuliwa na uchafu wa mugonjwa. Haipiti kwa kumutazama mutu, wala kwa kumusalimia ukiwa mlangoni, wala kwa kununua makala yake. Sabuni, maji yaliyotiwa dawa ao kuchemshwa, choo safi: njo ulinzi wenyewe. Kumukimbia mutu mwenye alishapona hakulinde mutu yeyote.

Wengine watasema: upweke ni huzuni tu, tushugulikie kwanza ugonjwa. Hapo njo tunakosea. Mutu akiona vile jirani alitendewa, siku tumbo lake litamuuma atanyamaza. Atafunga mlango, atangojea giza, atakunywa majani. Kolera inaweza kuua mutu muzima ndani ya saa chache. Mwenye anatunzwa mapema, karibu wote wanapona: hata mumoja kwa mia hafi. Kwa hiyo, kila mutu tunayemutenga, tunafundisha wengine kumi kujificha. Na mwenye anajificha, uchafu wake unateremuka paka ndani ya maji yenye sisi wote tunachota. Ilikuwa vile vile na mpox mwaka 2024: mwenye upele alivaa mikono mirefu na kubaki ndani, juu aliogopa macho ya watu kuliko ugonjwa.

Tukumbuke pia 2020. Tarehe 18 Machi, Rais Félix Tshisekedi alitangaza masharti ya Covid: masomo yalifungwa, makanisa yalifungwa, matanga nyumbani na katika masale yalikatazwa, maiti ipelekwe moja kwa moja makaburini na watu wachache. Sababu tulielewa. Lakini hakuna mutu aliuliza: matanga ikiondolewa, tunaweka nini pahali pake? Kwetu matanga si kunywa kahawa tu. Ni ile siku nyingi mjane halale peke yake, watoto wanakulishwa na wengine, wanaume wanakesha kando ya moto. Kuko wenzetu walizika baba kwa saa moja, wakarudi katika nyumba yenye viti bila watu. Hali ya dharura iliisha mwezi wa saba mwaka ule. Kilio chao hakukuwa mutu wa kukimaliza pamoja nao.

Na kuko wale wenye wako peke yao mara mbili. Tangu mwezi wa pili 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola juu ya udongo yalikimbiza maelfu ya watu, wengi wakaingia huku Lubunga. Mutu wa pale akigonjwa, hana shangazi wa kumuletea sombe, hana jirani wa miaka kumi wa kumubeba mugongoni. Wengine wanaogopa hata kusema jina la kabila yao kwa munganga. Mugonjwa bila mulinzi, katika nchi yetu, tunajua maana yake: nani atamuosha, nani ataenda kununua dawa, nani atapeleka habari?

Wanatuambia haiwezekani, ugonjwa wa kuambukiza unaomba kutenga. Ni kweli, ugonjwa lazima kuutenga. Lakini angalia Beni. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2.200 walikufa. Kule, shirika ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki yenye kuona ndani: jamaa wanasimama inje, wanamuona mugonjwa wao, wanasema naye. Watu waliopona Ebola walipewa kazi ya kulea watoto wachanga wenye mama zao walikuwa wanatunzwa, kwa sababu wao mwili wao ulishapata kinga. Haya yalifanyika pahali pa vita. Basi Lubunga tusiseme haiwezekani.

Na tusiseme upweke ni mambo ya Wazungu. Mwezi wa sita 2025, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa ripoti: mutu mumoja kwa sita duniani anaishi katika upweke, na upweke unahesabiwa katika vifo zaidi ya 871.000 kila mwaka.

Kwa hiyo tunasema wazi:

1. Kwa wakubwa wa leta: mutupatie maji safi ng'ambo hii. Tukiendelea kuchota mtoni, kolera itarudi, na woga utarudi nayo. Relé wa jamii wenye wanapita nyumba kwa nyumba walipwe, hawakulake asante.

2. Kwa wenye kuongoza vituo vya matunzo: kila kituo kiwe na telefone moja ya wagonjwa, na mutu mumoja mwenye kazi yake ni kupasha jamaa habari kila siku. Mugonjwa asiye na mulinzi aandikwe, tutafutiwe habari yake.

3. Kwa wachungaji, mapadri na maimamu: mutu akipona, mumutaje mbele ya waumini, mumusalimie kwa mukono. Mukono wenu unasema kuliko matangazo kumi ya redio.

4. Kwa sisi vijana: tuko bila kazi, siku nzima tuko kwenye barza. Wakati tuko nao. Tangu juma hili, katika kila avenyu tunatafuta vijana wawili. Nyumba yenye mugonjwa, watapita asubui na jioni, watasimama mlangoni, watauliza: «Mumelala aje? Maji iko?» Watachota, watatia dawa, wataweka bidoni, watanawa, wataenda. Nyumba yenye kilio pia. Hema la mukimbizi pia, bila kuuliza kabila.

Hatungojei leta kwa ile ya ine. Yule mama wa makala, jumapili iliyopita tulienda kwake watu sita. Tulinunua makala. Alituletea viti, akavipanguza, vumbi ilikuwa mingi juu yake. Tulikaa mpaka giza.

Jirani yako ni nani amenyamaza siku hizi? Simama, enda ukagonge.